Deni Langu kwa Mshubiri

Mwaka 2016 niliandika makala ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa mgeni kazini. Mhariri alitaka kitu chepesi cha kujaza ukurasa wa afya wa Jumamosi, nami nikampa "Faida 12 za Aloe Vera". Sikutoka hata mlangoni. Nilifungua tovuti tatu, nikadokoa hapa na pale, nikatafsiri, nikatafuta picha ya jani lililokatwa linalong'aa kwa ute, basi, kazi imekwisha. Faida ya saba ilisema kwamba kunywa maji ya jani hilo kila asubuhi husafisha tumbo.

Shangazi yangu anaishi Kibwezi, kule Makueni ambako mvua ikikosa msimu mmoja watu hawashangai. Makala ile aliiweka kwa sababu ilikuwa na jina langu. Halafu akaamua kuifuata. Alikwenda kwenye ua wa boma lake, akakata majani matatu ya kiluma, ndivyo tunavyouita mshubiri wa kwetu kwa Kikamba, akayatia yote kwenye blenda, ganda na kila kitu, akachanganya na asali. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya tatu alikuwa amelazwa, ametundikiwa dripu, ameishiwa maji mwilini kwa kuharisha.

Nilipofika kumwona hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, si ni wewe uliyeandika?"

"Pole, shangazi. Lakini mimi niliandika aloe vera. Sikuandika kiluma."

"Kwani tofauti yake ni nini?"

Nilinyamaza, kwa sababu sikujua. Nilikuwa nimeandika maneno mia nane kuhusu mmea ambao nisingeweza kuutofautisha na jirani yake. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mshubiri kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni kwa vipande. Makala hii ndiyo jibu la swali la shangazi. Ni refu kuliko alivyotarajia, kwa kuwa mkanganyiko ulionipata mimi haukuanza na mimi. Una umri wa karne nyingi, na chanzo chake kikubwa ni majina.

Tuanze na jani lenyewe. Ukilikata jani la mshubiri kwa kisu utaona sehemu tatu. Nje kuna ganda gumu la kijani. Chini tu ya ganda kuna vijifereji vyembamba vyenye utomvu wa manjano, mchungu kupita kiasi, ambao ukikauka hugeuka kahawia hata mweusi. Katikati kuna ute mzito usio na rangi, na karibu wote ni maji. Ute huo ndio ghala la mmea wakati wa kiangazi. Mimea mingi hufungua matundu ya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na hapo hapo hupoteza maji kwa jua. Mshubiri hufanya kinyume. Mchana hufunga, usiku kukipoa hufungua, huvuta hewa na kuihifadhi mpaka jua litoke ndipo itumike kutengeneza chakula. Ndiyo maana kiluma cha shangazi kinabaki kimesimama wakati mahindi yake yamekauka yakawa makaratasi. Majani hunywea na kuwa mekundu kidogo, lakini mvua ya kwanza ikinyesha hujaa tena.

Utomvu wa manjano nao ni ulinzi wa ghala. Mnyama akiuma jani mara moja, hatarudia.

Basi hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Ute na utomvu ni vitu viwili. Ute hupakwa kwenye ngozi iliyoungua au kukwaruzwa. Utomvu ni haluli, dawa ya kuendesha tumbo, na ni kali. Kwa muda mrefu wa historia, watu waliposema wananunua shubiri hawakuwa na habari na ute. Walikuwa wakinunua utomvu uliokaushwa.

Mimi nililelewa Mombasa, na huko shubiri niliijua kabla ya kuujua mmea. Ni vile vipande vyeusi vinavyong'aa kama kioo kilichovunjika, wanavyouza wauza dawa na viungo Marikiti. Mama alimwachisha ziwa mdogo wangu kwa kitu hicho. Alikilowesha, akajipaka, na mtoto aliponyonya mara moja alilia kama aliyesalitiwa. Baada ya siku mbili alikuwa anakunywa uji. Tukiwa shule, mwalimu wa Kiswahili alitufundisha tashbihi "chungu kama shubiri", nasi watoto wa Mombasa tulielewa kwa ulimi, hatukuhitaji maelezo.

Neno lenyewe lina safari yake. Kwa Kiarabu mzizi wa herufi tatu, swad, be na re, unazaa neno la uvumilivu na pia jina la dawa hii chungu. Washairi na wahubiri wa Kiarabu wamelichezea sana jambo hilo: anayesubiri anameza kitu kichungu. Kiswahili kilipokea yote mawili na kuyatenganisha. Upande mmoja tukapata subira na kusubiri, upande wa pili shubiri na mti wake, mshubiri. Ukiambiwa subira yavuta heri, kumbuka kwamba ndugu yake ni ile dawa nyeusi ya Marikiti.

Kwamba neno lilitoka Arabuni si ajabu, kwa sababu na bidhaa ilitoka huko. Upo mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaojulikana kama Periplus. Unataja shubiri miongoni mwa bidhaa za bandari ya Kane, kusini mwa Arabuni, pamoja na ubani. Kitabu hicho hicho kinaendelea kushuka na pwani yetu, ambayo mwandishi anaiita Azania, mpaka soko la Rhapta. Yaani mara ya kwanza pwani hii inapoandikwa kwa urefu, shubiri tayari ilikuwa inasafiri katika bahari hiyo hiyo, na mabaharia wale wale waliotegemea pepo za msimu. Katika karne hiyo pia Dioscorides, tabibu Mgiriki, aliandika kwamba dawa hiyo ni chungu mno, inafunga vidonda na inaendesha tumbo. Miaka karibu elfu mbili iliyopita mtu alishaandika onyo ambalo mimi sikulisoma.

Kwenye suala la majina, mkanganyiko nao ulishaanza. Biblia ya Kiingereza husema mwili wa Yesu ulizikwa na manemane na "aloes", na wasomaji wengi hudhani ni huu mmea wetu. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliandika uudi, ule mti wa kufukiza, na inaelekea wao ndio waliokuwa sahihi. Vitu viwili visivyohusiana kabisa vilibeba jina moja katika lugha za Ulaya, na bado vinalibeba.

Shubiri iliyosifika kuliko zote ilitoka kisiwa cha Socotra, kilichoko kati ya pembe ya Afrika na Arabuni, ambacho leo ni sehemu ya Yemen. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 10, anasimulia kisa cha Aristotle kumshauri Iskandari Mkuu akitwae kisiwa hicho kwa ajili ya shubiri na kuwapeleka Wagiriki wakaishi huko. Kisa chenyewe ni hadithi tu. Lakini kinatuambia kitu cha kweli, kwamba katika zama za al-Mas'udi dawa hii ilikuwa na thamani kubwa kiasi cha watu kuona ni jambo la kawaida mfalme kuteka nchi kwa ajili yake.

Waliokuja kukiteka kweli walikuwa Wareno. Mwaka 1507 kundi la meli la Tristão da Cunha lilipanda na pwani yetu, likachoma Oja karibu na Lamu, likaishambulia na kuipora Barawa, kisha likaelekea Socotra na kuiteka ngome yake. Shabaha yao kubwa ilikuwa kuziba mlango wa Bahari ya Shamu, wala si dawa ya tumbo, na baada ya miaka minne wakaondoka. Ila ukiichora safari hiyo kwenye ramani utaona kwamba Lamu, Barawa na Socotra zilikuwa vituo vya njia moja.

Baada ya Wareno walikuja Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki, nao walinunua shubiri ya Socotra kutoka kwa watawala wa kisiwa. Wakatajirika watawala, wakatajirika wenye meli. Yule aliyekata majani na kuyapanga kuzunguka shimo lililotandikwa ngozi ili utomvu udondoke humo, jina lake halikuandikwa popote.

Halafu Zanzibar nayo ikaingia. Katika karne ya 19 kila kitu kilichovuka bahari hii kilipitia Unguja, iwe pembe, karafuu, gundi ya sandarusi au, kwa aibu yetu sote, binadamu. Shubiri iliyopitia huko ilipofika London wafamasia waliiita shubiri ya Zanzibar. Ilifika imefungwa ndani ya ngozi za wanyama wadogo, kiasi kwamba baadhi ya vitabu vya ufamasia viliipa jina la utani, shubiri ya ngozi ya nyani. Mmea wenyewe haukuwa wa Zanzibar. Jina lilikuwa la bandari tu, yaani la mahali mzigo ulipobadilishia mikono.

Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Ile ya kusini kabisa mwa Afrika, itokanayo na mmea mwingine mrefu wenye miiba mingi, iliitwa shubiri ya Cape. Na iliyotoka visiwa vya Karibi iliitwa shubiri ya Barbados. Hii ya Barbados inastahili tusimame kidogo.

Mmea tunaouita leo aloe vera asili yake, kwa ushahidi mzuri zaidi uliopo, ni Bara Arabu. Watu waliuhamisha toka zamani sana, ukafika India, ukafika nchi za Mediterania. Katika karne ya 17 ulipandwa Barbados katika mashamba ya walowezi wa Kiingereza, na waliokata majani yake walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Utomvu ulichemshwa ukawa mzito, ukamiminwa, mara nyingi ndani ya vibuyu, ukapelekwa London. Mwaka 1768 Philip Miller, mtunza bustani mashuhuri wa Uingereza, aliuita mmea huo Aloe barbadensis. Mwaka huo huo Nicolaas Burman wa Uholanzi akauita Aloe vera. Jina la Burman ndilo lililoshinda katika sayansi, lakini la Miller halikufa. Chukua chupa ya losheni uliyonayo bafuni, usome maandishi madogo nyuma. Utakuta "Aloe Barbadensis". Mmea wa Arabuni, umepewa jina la kisiwa cha watumwa, umewekwa kwenye chupa Nairobi.

Kumbe basi lile swali la shangazi, kwani tofauti yake ni nini, lilikuwa swali kubwa. Jamii ya mishubiri ina aina zaidi ya 500, karibu zote za Afrika, Madagaska na Bara Arabu. Kenya peke yake ina zaidi ya 50. Aloe vera si mmojawapo wa hizo za asili, ulikuja na watu. Ile ya uani kwa shangazi, kwa jinsi inavyoonekana, ni Aloe secundiflora, aina iliyoenea sana Kenya na Tanzania. Mjerumani Adolf Engler aliiingiza katika vitabu mwaka 1895. Mwaka huo huo Mwingereza Rendle aliandika aina nyingine akaiita Aloe rabaiensis, kwa jina la Rabai, nyuma ya Mombasa. Wamaasai na Wasamburu walishaujua, Wakamba walishauita kiluma, Waluo ogaka, na kila mmoja alishajua jani lipi ni la kidonda, mzizi upi ni wa kuchachusha pombe ya asali na utomvu upi ni wa kuku.

Hilo la kuku nilifundishwa na shangazi mwenyewe. Yeye hukatakata jani la kiluma akalitia kwenye maji ya kunywa ya kuku wake msimu wa mdondo unapokaribia. Nilidhani ni imani tu. Baadaye nikakuta kwamba mwaka 2002 watafiti wa Afrika Mashariki walichapisha majaribio ya kitu hicho hicho, utomvu wa Aloe secundiflora kwa kuku walioambukizwa mdondo, na vifo vilipungua, hasa kwa waliopewa kabla ya kuambukizwa. Haifuti chanjo. Lakini mtu anayeishi mbali na duka la dawa ya mifugo hakuwa mjinga kuyafanya hayo.

Ute ulipata umaarufu lini? Ni juzi tu. Watu wa nchi za mshubiri waliupaka kwenye ngozi tangu zamani, lakini katika biashara kubwa haukuwa kitu, maana unaharibika haraka na hausafirishiki kama vile vipande vyeusi. Mwaka 1935 madaktari wawili Wamarekani waitwao Collins, walichapisha habari ya mwanamke aliyeharibika ngozi kwa mionzi ya eksirei, ambaye alipata nafuu kwa kupakwa jani bichi. Eksirei wakati ule ilikuwa ikiwaunguza wengi, kwa hiyo habari ilivuta watu. Miongo iliyofuata zikapatikana mbinu za kuufanya ute usioze, na kuanzia miaka ya 1970 ukawa bidhaa ya dunia nzima: losheni, sabuni, shampuu, vinywaji. Hapo utomvu, uliokuwa mfalme kwa miaka elfu mbili, ukawa uchafu wa kuchujwa.

Tatizo ni kwamba sifa za kimoja zilihamia kwa kingine. Tulipoambiwa "aloe vera ni nzuri", wengi tulielewa jani zima la mshubiri wowote. Lakini ndani ya utomvu kuna kemikali iitwayo aloini, iliyotengwa huko Edinburgh mwaka 1851 na ndugu wawili wa jina la Smith. Bakteria wa utumbo wakiivunja, inaukera utumbo mpana na kuulazimisha kusukuma. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa dawa za kuharisha zenye shubiri kwenye orodha ya zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Baadaye shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, baada ya majaribio ya panya waliopewa maji ya jani zima kupata uvimbe wa utumbo, liliweka dondoo la jani zima la aloe vera katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Soma vizuri: jani zima, lisilochujwa, la kunywa. Si ute uliosafishwa unaojipaka. Na mama mjamzito asiuguse utomvu kabisa, kwa vile msukosuko wa utumbo huweza kuchokoza mji wa mimba.

Kama ningejua hayo mwaka 2016, faida ya saba isingeandikwa.

Lipo jambo lingine ambalo makala yangu haikuligusa, na kama mwandishi wa habari ndilo linalonisumbua zaidi. Shubiri nyeusi haikuacha kuuzwa. Viwanda vya dawa, vya vipodozi na hata vya vinywaji, vinavyotaka uchungu tu, viliendelea kuinunua, na Kenya ikawa mojawapo ya mahali inapotoka. Kwenye nchi kavu za Baringo, Turkana, Samburu na Laikipia, mtu aliyepoteza mifugo kwa ukame aliweza kuchukua kisu na beseni, akakata majani, akayalaza mdomo chini utomvu udondoke, akauuza kwa anayechemsha. Anayechemsha akauza kwa dalali, dalali akauza mjini, mjini ikapandishwa meli.

Hatari ilikuwa dhahiri. Aloe vera huzaa machipukizi kila upande, ukikata mmoja unao kumi. Kiluma hakiko hivyo. Mara nyingi husimama peke yake na huzaliana kwa mbegu, baada ya ndege chozi kuja kunyonya maua yake na kuyachavusha. Ukimnyang'anya majani yote au ukimng'oa, hakuna wa kurithi. Basi mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alitoa tamko: marufuku kuvuna mishubiri ya porini kwa biashara, atakaye na apande. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini nao unadhibiti mishubiri yote, isipokuwa aloe vera.

Nia ilikuwa njema. Lakini kupanda kunataka ardhi yenye hati, mbegu, miaka ya kungoja na mtu wa kukupa kibali. Mfugaji wa Baringo aliyepoteza mbuzi wake hakuwa na hata kimoja. Biashara haikufa, ilijificha. Aliyekata aliendelea kukata, sasa akiwa mhalifu, na mhalifu hapangi bei. Dalali akasema chukua hiki au nikuripoti. Karibu miaka 20 ilipita kabla ya kiwanda cha mshubiri kujengwa Koriema, Baringo, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kwa wazo kwamba wanavijiji wapande, wavune kwa utaratibu na wauze kihalali. Kanuni rasmi za kusimamia uvunaji zilitoka mwaka 2007. Hesabu mwenyewe, kutoka 1986 hadi 2007.

Neno "subiri" lina watu wanaoambiwa na watu wanaoliambia.

Sitaki kumaliza kwa kulalamika, kwa sababu kupanda kunawezekana. Kule Il Polei, Laikipia, wanawake wa Kimaasai wa kikundi cha Twala walipanda mishubiri kwenye ardhi iliyokuwa imechakaa, na wameuza majani yake kwa kampuni ya vipodozi ya Lush ya Uingereza. Mshubiri hausumbui kwa mtu aliyezoea ukame: udongo wa kichanga usiotuamisha maji, jua la kutosha, magugu yaondolewe. Adui yake mkubwa ni maji mengi, yanayoozesha mizizi. Unavuna majani ya chini tu, ya katikati unayaacha yaendelee kukua. Na tofauti na mahindi, mwaka wa njaa shamba lako bado lipo.

Mwaka juzi nilirudi Kibwezi na vichipukizi vitano vya aloe vera kutoka kwenye vyungu vya mama, Mombasa. Tulivipanda kando ya ua, karibu na viluma. Sasa imetoa maua na hata mtoto anaweza kuitofautisha: ya vera ni manjano, ya kiluma ni mekundu ya kufifia. Nilimwonyesha shangazi jinsi ya kukata jani la vera, kulisimamisha wima kwenye kikombe mpaka manjano yote yatiririke, kuliosha, kulimenya, kisha kutumia ute ule mweupe kwa mikono yake inayopasuka wakati wa baridi ya Julai.

"Na kunywa?" akaniuliza.

"Usinywe, shangazi."

"Hata huu wa Mombasa?"

"Hata huu."

"Basi hicho ndicho ungeandika tangu mwanzo," akasema, akaenda kuwatilia kuku maji.

Gazeti lile niliwahi kuliomba lichapishe marekebisho. Nikaambiwa makala imeshapitwa na wakati, tuachane nayo. Lakini ukiitafuta leo kwenye intaneti bado utaikuta, jina langu juu na faida zote 12 chini. Kwa hiyo nayaweka hapa. Marekebisho: kunywa maji ya jani zima la mshubiri, wa aina yoyote, hakusafishi tumbo. Kunalichokoza. Mwandishi anaomba radhi kwa wasomaji wote, na kwa mmoja wa Kibwezi hasa.